Urudufishaji wa tovuti kati ya seva tatu unakwama kwa sababu ya ruhusa za faili: nianzie wapi?

Msimamizi_Moro

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninasimamia tovuti ya taasisi ambayo maudhui yake huandaliwa kwenye seva moja, kisha husambazwa kwenye seva nyingine mbili ambazo ndizo zinazowahudumia wasomaji. Seva chanzo inatumia Debian, na ndiko wahariri wanakopandisha picha na hati kwa kupitia ukurasa wa utawala wa WordPress. Seva pokezi ya kwanza nayo ni Debian, lakini ya pili ni Rocky Linux, kwa kuwa tuliirithi kutoka mradi mwingine na hakuna aliyekuwa tayari kuisuka upya. Kila baada ya dakika 5 cron (kipanga ratiba cha Linux) huamsha kazi ya rsync (programu ya kunakili mabadiliko ya faili kati ya seva) kwa jina la mtumiaji anayeitwa nakili, ambaye si root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, katika seva yoyote kati ya hizo tatu. Amri yenyewe, ambayo hurudiwa kwa seva pokezi ya pili, ni hii:

`rsync -a --delete /srv/tovuti/ nakili@pokezi1:/srv/tovuti/`

Mpangilio huu ulikwenda vizuri kwa muda mrefu. Shida zilianza baada ya mkandarasi kuifanyia seva chanzo maboresho ya usalama, na sasa ninaona mambo matatu ambayo sijui kama yana chanzo kimoja. La kwanza, picha zinazopandishwa siku hizi zinaonekana vizuri kwenye seva chanzo, lakini msomaji akizifungua kwenye seva pokezi anapata kosa la 403 (hana ruhusa), ilhali picha za zamani zilizo katika saraka hiyohiyo zinafunguka bila tatizo. La pili, kurasa na hati tunazozifuta kwenye chanzo haziondoki kwenye seva pokezi. Jambo hili limetuletea aibu, kwani tangazo la zabuni tuliloliondoa liliendelea kusomeka huko nje, na mzabuni mmoja alilichapa kwenye karatasi na kulileta ofisini kama ushahidi kwamba muda wa kuwasilisha maombi haujaisha. La tatu, logi ya rsync imejaa mistari ya aina hii, na kila mzunguko unamalizika kwa namba 23, ambayo kwa rsync inamaanisha kazi haikukamilika yote:

`rsync: opendir "/srv/tovuti/wp-content/uploads/akiba-muda" failed: Permission denied (13)`
`IO error encountered -- skipping file deletion`

Kwenye Rocky kuna mstari wa ziada unaosema kwamba rsync imeshindwa kuweka muda wa saraka ya `/srv/tovuti` yenyewe, nao unaishia na `Operation not permitted (1)`.

Mwenzangu mmoja anashauri tutumie `chmod -R 777` (yaani kila mtu aweze kusoma, kuandika na kuendesha) kwenye saraka yote ili tuendelee na kazi nyingine, na mwingine anasema tuiendeshe rsync kama root pande zote. Ushauri wote wawili unanitia wasiwasi, lakini sina hoja ya kiufundi ya kuupinga. Je, inawezekana saraka moja tu isiyosomeka ikazuia ufutaji wa faili katika tovuti nzima? Na je, kosa la 403 linahusiana na saraka hiyo, au nitafute sababu yake kwingine?

Nahodha_wa_Terminali

Ndugu Msimamizi, swali lako la kwanza nitalijibu moja kwa moja: ndiyo, saraka moja inatosha. Rsync inapokutana na kosa la kusoma kwenye upande unaotuma, inasimamisha ufutaji kwenye upande unaopokea, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa iwe. Fikiria diski ya mtandao ya NFS iliyokatika ghafla kwenye seva chanzo. Rsync isingekuwa na tahadhari hiyo, ingeona saraka tupu, ingeamini kwamba faili zote zimefutwa, na ingesafisha seva pokezi zako zote mbili kwa utiifu mkubwa. Programu haiwezi kujua kwamba `akiba-muda` imefungwa kwa makusudi na wala si kwa hitilafu, kwa hiyo inachagua upande wa usalama. Tangazo lako la zabuni lilibaki hewani kwa sababu hiyo, hata kama lenyewe liko mbali kabisa na saraka yenye kosa.

Hapa kuna chaguo linaloitwa `--ignore-errors`, ambalo linaiamuru rsync iendelee kufuta hata pale inapokutana na makosa. Utaliona likipendekezwa sehemu mbalimbali. Usiliguse, maana unakuwa umeondoa kinga yenyewe ili kunyamazisha ujumbe wake.

Kuhusu 403, mimi naona ni tatizo la pili linalojitegemea. Kama faili isingefika kabisa, msomaji angepata 404 (haipatikani). Kupata 403 kwa kawaida kuna maana kwamba faili imefika lakini mtumiaji anayeendesha seva ya wavuti haruhusiwi kuisoma, ama kwa sababu ya faili yenyewe ama kwa sababu ya mojawapo ya saraka zilizo juu yake. Kwa hiyo usilitafutie jibu katika logi ya rsync, kwa sababu kwa upande wake rsync ilimaliza kazi.

Tafadhali tuletee matokeo ya amri zifuatazo, ukichagua picha moja mpya yenye tatizo. Kwenye kila seva endesha `namei -l` ukifuatisha njia kamili ya picha hiyo, kwani amri hiyo inaonyesha mmiliki, kikundi na ruhusa za kila saraka kuanzia mzizi hadi kwenye faili. Kwenye seva chanzo endesha pia hii, ambayo itaorodhesha kila kitu ambacho mtumiaji nakili hawezi kukisoma:

`sudo -u nakili find /srv/tovuti ! -readable`

Kwenye seva pokezi endesha amri hiyohiyo, lakini kwa jina la mtumiaji wa seva ya wavuti. Mwisho, endesha `systemctl cat` kwa huduma ya php-fpm (inayoendesha PHP ya WordPress) kwenye chanzo, utazame kama mkandarasi aliongeza mstari wa `UMask`, ambao huamua ruhusa zipi ziondolewe kwenye faili mpya.

Kijana_wa_Data

Wakuu, kwa uzoefu wangu mambo haya yasikuzwe. Sisi kazini tulipokuwa na tatizo kama hili tuliweka 777 kwenye saraka ya tovuti, tukaendelea na shughuli zetu, na hakuna lililoharibika. Ukianza kuchunguza kila saraka utamaliza wiki nzima, na wakubwa wanataka tovuti ifanye kazi leo.

Mzee_Kibao

Kijana wangu, haraka ya wakubwa ninaielewa, lakini dawa hiyo haidumu hata kwa hesabu yake yenyewe. `chmod` hubadilisha faili zilizopo wakati unapoiendesha. Picha itakayopandishwa dakika moja baadaye itazaliwa na ruhusa zilezile za mwanzo, kwa sababu programu iliyoizaa haijaguswa, na baada ya siku chache utajikuta umeiweka `chmod` kwenye cron ili ikimbizane na WordPress.

Kisha kuna jambo ambalo watu wengi hawalitazami. Chaguo la `-a` ndani yake lina `-p`, yaani ruhusa za chanzo zinasafiri pamoja na faili. Ukiweka 777 kwenye seva chanzo, baada ya dakika 5 utakuwa nayo kwenye seva zote tatu, zikiwamo mbili zinazotazamana na dunia nzima. Faili ya `wp-config.php`, ambayo ndani yake kuna nenosiri la kanzidata, itasomeka na kila mtumiaji na kila programu iliyomo kwenye seva hizo, na itaweza kuandikwa upya vilevile. Mvamizi akipata upenyo mdogo tu katika programu yoyote, hana haja ya kutafuta mlango wa pili.

Tena nimeshuhudia mahali ambapo amri hiyo ilipandishwa ngazi moja juu zaidi, ikaigusa saraka ya nyumbani ya mtumiaji anayefanya urudufishaji. Matokeo yake ni kwamba urudufishaji ulikufa kabisa. Huduma ya SSH, kwa mpangilio wake wa kawaida wa `StrictModes`, inakataa ufunguo wa mtumiaji ambaye saraka yake ya nyumbani, saraka ya `.ssh` au faili ya `authorized_keys` inaweza kuandikwa na watu wengine. Kwa upande wa anayeunganisha, programu ya ssh nayo inakataa kutumia ufunguo wa siri unaosomeka na watu wengine. Walichokiona wale mafundi ni seva iliyoanza kudai nenosiri saa nane za usiku wakati hakuna mtu wa kulijaza.

Kuhusu kuendesha rsync kama root pande zote, si dhambi, lakini ni bei kubwa kwa tatizo dogo, kwani ufunguo mmoja ukiibwa kwenye seva chanzo unakuwa umetoa mamlaka yote ya seva tatu. Isitoshe, katika mazingira ya Debian na Rocky kwa pamoja, root haimalizi tatizo. Debian ina mtumiaji `www-data` mwenye namba 33, ilhali Rocky haina mtumiaji wa jina hilo. Rsync hulinganisha wamiliki kwa majina kwanza, na jina lisipopatikana upande wa pili huiacha namba kama ilivyo. Kwa hiyo kwenye Rocky faili zako zitakuwa mali ya namba 33, ambayo haina uhusiano wowote na seva ya wavuti ya huko. Apache ya familia ya Red Hat hutumia namba 48.

Msimamizi_Moro

Shikamoo Mzee Kibao, na ahsante sana Nahodha. Nimefanya kama mlivyoelekeza.

Kwenye seva chanzo, picha yenye tatizo inaonekana hivi:

`-rw-r----- www-data www-data bango.jpg`

Kwenye seva pokezi ya kwanza picha hiyohiyo iko hivi:

`-rw-r----- nakili nakili bango.jpg`

Picha za zamani katika saraka hiyo zina `-rw-r--r--` kwenye seva zote, ijapokuwa kwenye seva pokezi nazo ni mali ya nakili. Amri ya `find` kwenye chanzo imetaja kitu kimoja tu, nayo ni saraka ya `akiba-muda`, ambayo ina `drwx------` na ni mali ya `www-data`. Nimegundua kwamba inaundwa na programu-jalizi ya kutengeneza chelezo, ambayo huhifadhi humo vipande vya kanzidata wakati inapofanya kazi. Kwenye seva pokezi, `find` kwa jina la `www-data` imetoa orodha ndefu ya picha na hati, zote za baada ya maboresho.

Na Nahodha alikisia sawasawa. `systemctl cat php8.2-fpm` inaonyesha faili ya nyongeza yenye mstari wa `UMask=0027`. Nikiufuta mstari huo mambo yatarudi kama zamani, lakini sipendi kubomoa kazi ya usalama iliyofanywa kwa nia njema. Mtumiaji nakili yumo katika kikundi cha `www-data` kwenye seva chanzo, lakini kwenye seva pokezi hayumo katika kikundi hicho.

mama_mitandao

Ndugu Msimamizi, taarifa ulizoleta zinatosha kulimaliza jambo hili, na ninakuunga mkono kwamba mstari wa `UMask` ubaki pale ulipo. Mkandarasi hakukosea kuuweka. Kilichotokea ni kwamba urudufishaji wenu ulikuwa unategemea ruhusa ya watu wengineo bila mtu yeyote kuikusudia, na ruhusa hiyo ilipoondolewa utegemezi huo ukajitokeza.

Katika safari ya faili moja kuna watu watatu tofauti wanaoulizwa ruhusa, na kila mmoja anaulizwa kivyake. Wa kwanza ni nakili wa kwenye seva chanzo, ambaye lazima aweze kusoma faili na kupita katika saraka zake. Wa pili ni nakili wa kwenye seva pokezi, ambaye lazima aweze kuandika. Wa tatu ni mtumiaji wa seva ya wavuti kwenye seva pokezi, ambaye lazima aweze kusoma kile ambacho wa pili amekiandika. Kwenye `bango.jpg` mtu wa kwanza alifaulu, kwa sababu yumo katika kikundi cha `www-data` na kikundi hicho kina ruhusa ya kusoma. Wa pili alifaulu pia. Lakini kwa kuwa yeye si root, hana uwezo wa kumpa faili mmiliki mwingine, na kwa kuwa hayumo katika kikundi cha `www-data` huko aliko, hawezi kuipa faili kikundi hicho pia. Rsync ikaandika faili kwa jina lake na kikundi chake, kisha ikaiwekea ruhusa za chanzo kama zilivyo, yaani 640 (mmiliki asome na kuandika, kikundi kisome, wengineo wasipate kitu). Matokeo yake ni kwamba 640 ileile, ambayo kwenye chanzo inamruhusu `www-data`, kwenye seva pokezi inamfungia nje. Zamani faili zilikuwa 644, na mtu wa tatu alikuwa anaingia kwa mlango wa wengineo.

Hapo utaona kwamba kusafirisha ruhusa bila kusafirisha umiliki ni kusafirisha nusu ya maana. Mimi ningeiacha kabisa dhana ya kuiga ruhusa za chanzo, na badala yake ningeamua mwenyewe ruhusa zinazofaa kwenye seva pokezi. Kwenye kila seva pokezi unda kikundi kimoja, tukiite tovuti, kisha mwingize nakili na mtumiaji wa seva ya wavuti:

`groupadd tovuti`
`usermod -aG tovuti nakili`
`usermod -aG tovuti www-data`
`chown -R nakili:tovuti /srv/tovuti`
`find /srv/tovuti -type d -exec chmod 2750 {} +`
`find /srv/tovuti -type f -exec chmod 640 {} +`

Kwenye Rocky uwe mwangalifu na mstari wa tatu. Nginx ya huko huendeshwa na mtumiaji `nginx`, lakini php-fpm kwa mpangilio wake wa awali huendeshwa na `apache`, hata kama Apache yenyewe haitumiki. Waingize wote wawili, vinginevyo picha zitafunguka na kurasa za PHP zitagoma, nawe utaanza kutafuta mchawi mwingine. Baada ya kuwaingiza, zianzishe upya huduma hizo, kwa sababu programu iliyokwisha kuwaka haitambui kikundi kipya mpaka iwashwe tena.

Ile namba 2 iliyotangulia 750 ndiyo inayobeba mzigo. Inaifanya kila faili mpya inayozaliwa ndani ya saraka irithi kikundi cha saraka, yaani tovuti, badala ya kikundi cha aliyeiandika. Ni muhimu nakili awe mwanachama wa kikundi hicho, kwani mtumiaji wa kawaida asiye mwanachama akibadilisha ruhusa za saraka, Linux huiondoa biti hiyo kimyakimya, na utakuta urithi umekoma katika saraka ulizodhani ziko salama.

Sasa amri ya rsync yenyewe:

`rsync -rlptD --delete --chmod=D2750,F640 --exclude=/wp-content/uploads/akiba-muda/ /srv/tovuti/ nakili@pokezi1:/srv/tovuti/`

Herufi `-rlptD` ni `-a` iliyoondolewa umiliki na kikundi. Nimeibakisha `-p` kwa makusudi, kwa sababu bila hiyo `--chmod` haitagusa faili ambazo tayari ziko upande wa pili. Kama hupendi njia ya kurithi, toleo la 3.1.0 la mwaka 2013 na yote yaliyofuata yana chaguo la `--chown`, ambalo unaweza kulitumia pamoja na `-g` kuitajia rsync kikundi unachokitaka, mradi nakili awe mwanachama wake.

Kuhusu `akiba-muda`, sioni sababu ya kuifungua. Programu inayojiundia saraka ya 0700 na kuweka humo vipande vya kanzidata imefanya jambo la busara, na vipande hivyo havina kazi yoyote kwenye seva zinazowahudumia wasomaji. Ukiitenga, rsync haitajaribu kuiingia, kosa la kusoma litatoweka, na ufutaji utarejea. Mkwaju wa kwanza kwenye njia ya `--exclude` unamaanisha mzizi wa saraka inayorudufishwa na wala si mzizi wa diski, kwa hiyo usiandike `/srv/tovuti` hapo.

Kabla ya kuiachia cron, nakusihi uendeshe amri hiyo mara moja ukiongeza `-n` (jaribio lisilobadilisha kitu) na `-i` (orodha ya mabadiliko). Ufutaji ulisimama kwa muda, kwa hiyo yote yaliyorundikana yatafutwa kwa mkupuo mmoja. Isome orodha hiyo kwa macho yako, hasa mistari ya `*deleting`. Baada ya hapo unaweza kubakisha `--max-delete` yenye idadi unayoiona ni ya kawaida kwa tovuti yenu. Ikivukwa, rsync huacha kufuta na kumaliza kwa namba 25, jambo linalokupa nafasi ya kutazama kabla ya madhara.

Nahodha_wa_Terminali

Dada mama_mitandao amemaliza sehemu kubwa, nami naongezea ya Rocky. Ule mstari wa `Operation not permitted` kuhusu muda wa saraka unatokana na ukweli kwamba kuiwekea faili au saraka muda maalumu ni haki ya mmiliki wake, na ruhusa ya kuandika peke yake haitoshi. Nadhani huko `/srv/tovuti` ni mali ya root na nakili alipewa ruhusa kupitia kikundi. `chown` aliyoitaja dada italimaliza hilo.

Watu hushangaa faili zenyewe hazitoi kosa hilo. Sababu ni kwamba rsync haiandiki juu ya faili iliyopo. Inaunda faili ya muda yenye jina linaloanza na nukta ndani ya saraka ileile, inaijaza, kisha inaibadilisha jina ichukue nafasi ya ile ya zamani. Kwa hiyo ruhusa inayohitajika ni ya kuandika kwenye saraka, na faili mpya siku zote ni mali ya aliyeileta. Ukiona kosa linalotaja `mkstemp`, basi tazama ruhusa za saraka na usipoteze muda kwenye faili.

Pili, ikiwa baada ya hayo yote Rocky bado inatoa 403 ilhali `find` kwa jina la `nginx` haionyeshi tatizo, itazame SELinux, yaani ulinzi wa ziada wa Linux unaotumia lebo za faili. Saraka zilizo chini ya `/srv` kwa kawaida hazina lebo ambayo seva ya wavuti inaruhusiwa kuisoma. Thibitisha kwa `ls -Z` na kwa `ausearch -m avc -ts recent`, kisha weka lebo ya kudumu:

`semanage fcontext -a -t httpd_sys_content_t '/srv/tovuti(/.*)?'`
`restorecon -Rv /srv/tovuti`

Faili mpya zitarithi lebo ya saraka zilimozaliwa. Angalizo langu ni kwa wale wanaopenda kutumia `--temp-dir` kuelekeza faili za muda kwenye `/tmp`. Faili inayozaliwa huko inaweza kuhamia kwenye tovuti ikiwa bado na lebo ya huko ilikotoka, na utaona baadhi ya picha zikigoma na nyingine zikifunguka bila mpangilio unaoeleweka.

Msimamizi_Moro

Nawashukuru nyote. Nimezifuata hatua za mama_mitandao kwenye seva zote mbili. Orodha ya `-n` ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia, na tangazo la zabuni lilikuwamo. Baada ya kuiendesha kwa kweli, rsync inamaliza bila kosa, na picha zinafunguka kwenye seva ya Debian. Kwenye Rocky ilikuwa kama Nahodha alivyohisi: ruhusa zilikuwa sahihi na bado 403 iliendelea mpaka nilipoweka lebo ya SELinux.

Nina swali moja lililobaki. Kabla ya kufungua mada hii nilijaribu kumpa nakili ruhusa ya kusoma `akiba-muda` kwenye seva chanzo kwa kutumia `setfacl` yenye ruhusa za kurithi, na `getfacl` ilionyesha kwamba nakili ana `r-x`. Hata hivyo bado alikataliwa. Saraka hiyo nimekwisha kuitenga, lakini ningependa kuelewa kwa nini, maana kuna siku nitahitaji kurudufisha saraka ya namna hiyo.

Mzee_Kibao

Rudia `getfacl` uutazame mstari wa nakili hadi mwisho wake. Naamini utauona hivi:

`user:nakili:r-x    #effective:---`

Saraka ikiwa na ACL (orodha ya ruhusa za ziada inayowekwa na `setfacl`), zile herufi tatu za kikundi unazoziona kwenye `ls -l` haziwi tena ruhusa za kikundi peke yake. Zinakuwa kichujio cha juu kinachowabana watumiaji na vikundi vyote vilivyotajwa kwa majina. Ruhusa za kurithi huishinda umask, na ndiyo maana watu huzipenda, lakini haziwezi kuishinda programu inayoomba 0700 kwa makusudi inapounda saraka, au inayoendesha `chmod` baada ya kuiunda. Programu-jalizi yako inafanya mojawapo ya hayo mawili. Herufi za kikundi zinakuwa tupu, kichujio kinafunga, na `r-x` ya nakili inabaki imeandikwa bila nguvu yoyote. Ukirekebisha kichujio kwa mkono kitadumu mpaka programu itakapoiunda saraka hiyo tena.

Siku utakapolazimika kusoma saraka za namna hiyo, zipo njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni kuitoa kazi kwenye cron na kuiweka katika huduma ya systemd inayoendeshwa na nakili, ukiongeza `AmbientCapabilities=CAP_DAC_READ_SEARCH`. Hiyo inampa uwezo wa kusoma faili yoyote na kupita saraka yoyote bila kumpa uwezo wa kuandika popote. Ni uwezo mkubwa hata hivyo, kwani `/etc/shadow` nayo inasomeka, kwa hiyo huduma hiyo ifungiwe isione zaidi ya saraka inazozihitaji. Ya pili ni kugeuza mwelekeo, seva pokezi iwe ndiyo inayovuta, na upande wa chanzo rsync iendeshwe na root kupitia skripti ya `rrsync` yenye `-ro`, ambayo huubana ufunguo usome saraka moja tu na usiandike chochote. Mimi hutumia hii ya pili, kwa sababu seva chanzo haibaki na ufunguo wa kuingilia seva nyingine.

Nahodha_wa_Terminali

Kabla mada haijafungwa, itazame na skripti yako ya cron. Matatizo haya yalidumu bila kujulikana mpaka mzabuni alipokuja na karatasi, na hiyo inaonyesha kwamba namba 23 ilikuwa inatolewa kila baada ya dakika 5 na hakuna aliyekuwa anaisoma. Ifanye skripti itume barua pepe kila rsync inapomaliza kwa namba isiyo sifuri, isipokuwa 24, ambayo inamaanisha tu kwamba faili fulani zilifutwa kwenye chanzo wakati rsync ikiwa katikati ya kazi, na kwa tovuti yenye wahariri wengi hilo ni jambo la kila siku. Iendeshe pia ile `find` ya `! -readable` mara moja kwa siku kwenye kila seva, kwa jina la mtumiaji anayehusika. Ikitoa mstari wowote kwenye seva pokezi, ujue kuna msomaji anayepata 403, hata kama logi ya rsync ni safi.